Tuisheni ya Insha Mombasa: Tunanunua Saa, Hatununui Kusahihishiwa

Ukitoka Kisauni kuelekea Bamburi utaona nguzo za umeme zilivyojaa matangazo: mganga wa kurudisha mpenzi, fundi wa kuzibua choo, chumba cha kupanga, na tuisheni. Katika tangazo la tuisheni kuna masomo mawili yasiyokosekana, Hesabu na Kizungu. Hesabu naielewa. Mtoto akikosea hatua ya tatu, mwalimu anamwonyesha hatua ya tatu, na hata mzazi asiyejua hesabu anaona alama ya kosa imebadilika kuwa ya sawa. Kizungu, na hasa insha yake, kimekuwa biashara ya imani. Mzazi analipa, mtoto anakwenda, muhula unakwisha, alama zinabaki pale pale, na si mzazi wala mtoto anayeweza kusema ni kitu gani kilinunuliwa.

Dai langu ni hili. Sehemu kubwa ya kinachouzwa mjini hapa kwa jina la tuisheni ya insha inakwenda kinyume na kile ambacho mtahini anakipa alama. Na kile ambacho mtoto anakihitaji hasa, yaani mtu anayeijua lugha akae na karatasi yake, aisome mpaka nukta ya mwisho, amwonyeshe makosa kisha amrudishie aandike upya, ni nadra kuuzwa, kwa sababu ndicho kinachomla mwalimu muda.

Tuanze na mtihani wenyewe, maana wazazi wengi wanaulipia bila kuujua. Kiingereza cha KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya, kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Ya kwanza ina alama 60: ishirini za uandishi wa kiuamilifu (barua pepe, ripoti, kumbukumbu za mkutano, wasifu na kadhalika), kumi za kujaza mapengo, na thelathini za stadi za kuzungumza, ambazo kwa maajabu ya mfumo wetu hupimwa kwa kalamu, mtoto anaandika namna ambavyo angetamka. Karatasi ya pili ina alama 80 za ufahamu, fasihi na sarufi. Ya tatu ina alama 60, nayo ni insha tatu za alama ishirini kila moja, kwa saa mbili na nusu: moja ya kubuni, mbili juu ya vitabu teule, yaani vitabu vya fasihi vilivyochaguliwa kwa mtihani. Kila insha isizidi maneno 450.

Katika hizo insha tatu, mbili za vitabu teule husahihishwa karibu kwa kikokotoo. Utangulizi alama 2, hoja nne za alama 3 kila moja, lugha alama 4, hitimisho alama 2. Hapa tuisheni inafanya kazi, na nakiri hivyo bila kinyongo. Mtoto aliyekisoma kitabu kweli, akafundishwa kwamba hoja ni dai likifuatwa na tukio la kitabuni na maelezo ya jinsi tukio hilo linavyolithibitisha dai, anaweza kupanda kutoka alama 8 hadi 14 katika muhula mmoja. Vivyo hivyo barua na ripoti: zina umbo, umbo linafundishika, na mwalimu mzuri hahitaji wiki nyingi. Mzazi mwenye pesa kidogo azipeleke huko kwanza.

Lakini sivyo wazazi wanavyoomba. Wanachoomba ni insha ya kubuni. "Mwanangu Kizungu chamshinda, mwalimu, mtilie maneno." Na mwalimu anatia maneno.

Insha ya kubuni haina hoja za kuhesabu. Mtahini anaisoma, anaamua iko daraja gani, kisha anatafuta alama ndani ya daraja hilo. Madaraja ni manne na mwongozo wake unajulikana kwa kila mwalimu aliyewahi kuketi meza ya usahihishaji. D, alama 1 hadi 5, ni ya mtahiniwa ambaye mtahini inambidi abahatishe anachotaka kusema. C, alama 6 hadi 10, ni ya anayeeleweka lakini kwa mashaka, hajiamini, na lugha ya nyumbani inasikika ndani ya sentensi zake. B, kuanzia 11 hadi 15, ni ya anayeandika kwa ufasaha na wepesi zaidi. Kisha A, alama 16 hadi 20: huyu anavutia, ana ubunifu wake mwenyewe, anatufanya tuzihisi hisia zake, amekomaa, amepanga kazi yake vizuri, na mara nyingi ana ucheshi. Mwongozo unaongeza jambo ambalo laiti ningeweza kulibandika kwenye zile nguzo za umeme: katika insha ya daraja hili hakuna kujikaza.

Hakuna kujikaza. Sasa fungua daftari la mtoto wa tuisheni. Ukurasa wa kwanza una orodha ya vivumishi virefu ambavyo hata mwalimu havitumii akiagiza chai. Ukurasa wa pili una utangulizi uliokwisha kupikwa: jua linamwaga miale ya dhahabu, ndege wanaimba kwenye matawi, upepo unabembeleza majani, moyo wa msimulizi unapiga kama ngoma. Mtoto anaukariri wote. Siku ya mtihani swali likiwa juu ya rafiki msaliti, jua linamwaga miale. Likiwa juu ya ajali barabarani, jua linamwaga miale. Likiwa juu ya usiku wa mvua, ninavyowajua watoto, litamwaga tu. Utangulizi kama huo unaweza kula maneno mia moja kati ya 450, karibu robo ya insha, kabla hakujatokea jambo lolote.

Ugonjwa huu haukuanzia kwenye Kizungu, tusijidanganye. Insha ya Kiswahili inao tangu zamani. Nani kati yetu hakurauka majogoo, akaoga na kuvaa nguo zake nadhifu, akapiga guu mosi guu pili, huku wahenga wakiitwa kila aya kushuhudia kwamba hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Tofauti ni kwamba katika Kiswahili mtoto wa Mombasa anajua kwamba hakuna mtu anayesema hivyo. Anajua ni mchezo wa shule. Katika Kiingereza hana sikio la kumwambia, kwa hiyo anaamini kwamba Kizungu kizuri ndicho hicho.

Na anayeumia zaidi ni yule ambaye angefanya vizuri. Kuna vijana Mji wa Kale, Majengo, Likoni, wanaoweza kulishika baraza zima kwa kisa cha mbuzi aliyeingia msikitini wakati wa sala, watu wasiondoke mpaka kiishe. Kijana huyo anajua aanzie wapi, ampe nani maneno gani, anyamaze lini, kichekesho akiachie wapi. Hizo ni sifa za daraja la A, zote isipokuwa lugha yenyewe. Kisha tunamchukua, tunamwambia asahau anavyosimulia, tunampa miale ya dhahabu.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Mwalimu wa tuisheni atasema: mimi nimeletewa mtoto wa kidato cha nne mwezi wa Julai, yuko D, hawezi kuunda sentensi tano mfululizo. Nikimpa sentensi kumi sahihi akazikariri, angalau atakuwa na sentensi kumi sahihi. Ni kweli. Kwa mtoto aliyefika hapo, kukariri ni boya la kushikilia. Ila mtahini anauona mshono. Sentensi kumi za kuazima zikifuatwa na ishirini za kuvunjika, kinachoonekana ni watu wawili kwenye karatasi moja, na alama huenda kwa yule wa pili, kwa sababu ndiye aliyesimulia hadithi. Na swali likidai kisa kiishie kwa sentensi fulani au kithibitishe methali fulani, hadithi ya wizi wa benki iliyokaririwa haifiki huko ila kwa kuvutwa nywele.

Mtoto huyo wa D au C anahitaji nini basi? Anahitaji mtu ayaone makosa yake yeye, si makosa ya watoto wote. Nitoe mfano mmoja ambao kwa maoni yangu una thamani kuliko orodha nzima ya vivumishi. Watoto wetu wakisimulia kwa Kiingereza huanza vizuri kwa wakati uliopita, kisha kuanzia kitenzi cha pili wanateleza, wakati unapotea. Ukiwauliza walimu wengi watasema ni uzembe. Mimi naona ni -ka-. Kiswahili kinasimulia hivi: alitoka nyumbani, akapita sokoni, akamkuta mjomba, akamwambia. Kitenzi cha kwanza ndicho kinachobeba -li-. Vinavyofuata havihitaji kurudia, vinapanda mgongoni mwake. Kiingereza hakina gari hilo. Kila kitenzi kilipe nauli yake. Mtoto akishaonyeshwa hivyo kwenye insha yake mwenyewe, mstari kwa mstari, huliona kosa mwenyewe insha inayofuata. Akiambiwa tu "angalia wakati", kama anavyoambiwa tangu darasa la nne, haoni kitu.

Vivyo hivyo na vile vijineno vya Kiingereza vinavyotangulia nomino, ambavyo Kiswahili hakina. Vivyo hivyo na kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, ambapo sisi tuna "yeye" mmoja anayetosha wote. Mama wa hadithi huanza akiwa mwanamke na kufikia aya ya tatu amekuwa mwanamume. Ni makosa machache, yanajirudia, na yana sababu. Mtu anayeishi Mombasa na anayejua lugha zote mbili ana nafasi nzuri kuyafundisha kuliko kitabu chochote kilichochapishwa London. Lakini hayafundishiki ubaoni kwa watoto thelathini kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja ana mchanganyiko wake.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo mambo yote yanapokwama. Darasa la shule ya umma lina watoto hamsini, mara nyingi zaidi. Insha ya maneno 450, isomwe kwa makini na kuandikiwa maelezo, inataka dakika nane kwa uchache. Hamsini mara nane ni dakika 400, karibu saa saba kwa insha moja ya darasa moja. Mwalimu ana madarasa matatu: saa ishirini. Hapo hajafundisha, hajatayarisha kipindi, hajasimamia chakula cha mchana, hajakwenda mazishini. Kwa hiyo anafanya ambalo kila binadamu angefanya: anasoma mwanzo na mwisho, anapiga tiki kubwa, anaandika 11 kati ya 20. Mtoto anapata 11, hajui kwa nini si 9 wala 14.

Mzazi anaona hali hiyo, anakimbilia tuisheni. Nini anakuta? Chumba chenye watoto thelathini, ubao, na kijana aliyehitimu ualimu anayesubiri TSC, tume ya kuajiri walimu, imwajiri. Kipindi ni saa moja na nusu. Watoto wale wakiandika insha, kuzisahihisha ni saa nne nyingine nyumbani, na saa hizo nne hakuna aliyemlipa. Kwa hiyo insha haziandikwi. Badala yake anafundisha "mbinu": maneno ya kuanzia, maneno ya kumalizia, methali kumi za lazima. Simlaumu kijana yule. Amelipwa asimame mbele ya watoto, naye amesimama. Shida ni kwamba mzazi alikimbia darasa kubwa lisilosahihishwa akanunua darasa dogo kidogo lisilosahihishwa.

Nyali, mtaa wa wenye pesa, ni habari nyingine. Huko mwalimu huenda nyumbani, mtoto mmoja, meza moja, karatasi inasomwa. Ndiyo maana watoto wale hupanda, wala sidhani kuna siri zaidi ya hiyo.

Cha kushangaza ni kwamba njia yenyewe tunayo mjini, tena katika mitaa isiyo na pesa. Mtoto wa Kiislamu wa Mombasa asubuhi ya Jumamosi na Jumapili yuko madrasa. Ndiyo sababu tuisheni nyingi za mtaani huanza baada ya Adhuhuri au Alasiri. Na madrasa, hata penye watoto wengi na maalimu wachache, kila mtoto hupata zamu ya kukaa mbele ya maalimu na kusoma. Akikosea herufi anakatizwa papo hapo. Anarudia. Hapandi aya ya pili mpaka ya kwanza imenyooka. Watu husema madrasa ni kukariri, na ni kweli kunakaririwa, lakini kinachomnyoosha mtoto ni ile zamu ya mtu mmoja mbele ya mtu mmoja. Tuisheni ya insha imechukua kukariri kutoka utamaduni huo ikaacha zamu.

Sheria ipo, lakini haigusi kiini. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kuwekwa kwenye tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni hadi mwaka mmoja jela au faini isiyozidi shilingi 100,000, au zote mbili. Kila likizo viongozi hulikumbusha taifa, na kila likizo watoto wanaonekana na mikoba. Sheria inauliza tuisheni inafanyika lini. Haiulizi inafanya nini.

Kuna swali ambalo mzazi angepaswa kuliuliza kabla hajatoa hata shilingi: Kiingereza hiki kina uzito gani kwa mwanangu? Tangu KCSE ya 2023, wastani wa mwanafunzi hukokotolewa kwa Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Lugha hiyo yaweza kuwa Kiswahili. Hata kwa anayetaka kuwa wakili, B inayotajwa katika sheria ya Kenya School of Law, chuo cha kuwaandaa mawakili, ni ya Kiingereza au Kiswahili. Kwa mtoto wa Mombasa hiyo ni nafuu ambayo watoto wa kwingi hawana, na bado sijasikia mzazi akitafuta tuisheni ya insha ya Kiswahili, ambayo nayo ina karatasi yake ya alama 40 na watoto wetu wanaiendea kwa kiburi cha mwenye nyumba kisha wanarudi na C.

Hiyo haimaanishi Kiingereza kiachwe. Biolojia, Historia, Biashara, hata Elimu ya Dini ya Kiislamu, maswali yote yameandikwa kwa Kiingereza na majibu yanatakiwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyetofautisha kutakiwa kutaja na kutakiwa kueleza anapoteza alama katika kila karatasi, na hakuna ripoti ya shule itakayomwambia kwamba alishindwa Historia kwa sababu ya Kizungu. Faida ya kuandika vizuri iko huko zaidi kuliko kwenye zile alama 20 za insha ya kubuni ambazo wazazi wamezikazia macho.

Barazani, mazungumzo haya yakifika hapa, hakosi mtu wa kumtaja Ali Mazrui, yule profesa. Mwana wa Mombasa, alizaliwa 1933, mtihani wa Cambridge haukumwendea vizuri kiasi cha kumpeleka Makerere, akafanya kazi ya ukarani katika MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baadaye akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na 1979 akatoa zile hotuba za Reith za BBC. Hutajwa ili kumfariji mtoto aliyefeli. Mimi namtaja kwa jambo jingine: njia yake ya kutoka ilifunguka kwa hotuba aliyoitoa mbele ya gavana wa kikoloni, na mtu haamki siku moja akahutubia hivyo kwa Kiingereza bila kuwa na mahali pa kusemea, pa kubishania, na watu wa kumkosoa. Ile bahati ya gavana hatuwezi kuipangia ratiba. Mahali pa kukosolewa tunaweza.

Wapo wanaosema mambo haya yatakwisha yenyewe. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na pamoja nayo ikaondoka ile insha ya dakika 40 iliyozaa nusu ya miale ya dhahabu. KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6 katika mtaala mpya, ilianza 2022 kwa maswali ya kuchagua jibu. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni 2027. Mimi naona hatari upande wa pili. Mtoto anayefika sekondari ya juu akiwa amechagua herufi zaidi ya alivyoandika aya atahitaji kusahihishiwa zaidi, na soko la maneno ya kukariri litampokea kwa mikono miwili. Tayari akili unde imo simuni: ukiiomba insha inakupa insha safi isiyo na kosa, mtoto anaikariri, tumerudi kule kule. Ingeweza kutumiwa kuonyesha makosa ya insha aliyoiandika mwenyewe, na wachache wanaitumia hivyo, lakini hilo linahitaji kwanza awe ameiandika.

Kwa hiyo mzazi anayetafuta mwalimu leo aulize kitu kimoja: nionyeshe daftari la mtoto uliyemfundisha muhula uliopita. Asitake matokeo, matokeo yana mikono mingi. Atazame daftari. Lina insha ngapi zilizoandikwa na mtoto, zina wino wa mwalimu pembeni au tiki tu, na je, kuna insha iliyoandikwa mara mbili, ya pili ikiwa bora kuliko ya kwanza? Daftari likiwa limejaa madondoo ya ubaoni kwa mwandiko mzuri, hiyo ni saa imeuzwa.

Na kwa wasioweza bei za Nyali, hesabu ile ile inaweza kugeuzwa. Watoto kumi wa mtaa mmoja, insha moja kwa wiki, dakika kumi kwa kila karatasi: saa moja na dakika arobaini za kusahihisha. Kipindi cha pamoja kiwe kifupi, nusu saa tu, cha kuonyesha makosa mawili yaliyojitokeza zaidi wiki ile. Halafu kila mmoja akae mbele ya mwalimu kwa zamu na karatasi yake, dakika chache, asome kwa sauti sentensi zake zilizovunjika na kuziunga mwenyewe. Wiki inayofuata anairudisha insha ile ile ikiwa imeandikwa upya, kabla ya kupewa nyingine. Mada isitoke mbali. Apewe feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, na akatazwe kulitaja jua.

Mwalimu atakayekubali masharti hayo atapandisha bei, maana sasa anafanya kazi ambayo awali hakuifanya. Mzazi atalalamika kwamba mwanawe anakaa darasani muda mfupi kuliko wa jirani na analipa zaidi. Wagombane kidogo kwenye bei, kisha alipe.